Rubani hakuwa peke yake: historia ya kanuni za usalama bandarini

Januari 1999, mahakama ya jinai mjini Cardiff, Wales, iliketi kusikiliza kesi ya mafuta yaliyomwagika baharini miaka mitatu nyuma. Aliyesimama kizimbani hakuwa nahodha wa meli, wala rubani aliyeiongoza, wala tajiri aliyeimiliki. Mshitakiwa alikuwa Mamlaka ya Bandari ya Milford Haven, chombo kilichopewa na sheria kazi ya kuhakikisha meli zinaingia na kutoka salama. Mamlaka ikakiri kosa. Jaji akaitoza faini ya paundi milioni 4, na juu yake gharama za kesi paundi 825,000. Katika Uingereza ya wakati huo, hapakuwa na faini kubwa kuliko hiyo iliyowahi kutozwa kwa kuchafua mazingira.

Watu wa bandari waliielewa hukumu ile papo hapo. Kwa karne nyingi, meli ikipanda mwamba ikiwa na rubani ndani, macho ya wote yalimgeukia rubani. Safari hii mahakama iliwageukia waliomtuma.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona kazi hii, rubani wa meli si mmoja wa mabaharia wake. Ni mtu wa bandari. Meli ikikaribia mlango, boti ndogo humpeleka hadi ubavuni mwake, naye hupanda kwa ngazi ya kamba, tena meli ikiwa bado inakwenda. Akifika kwenye chumba cha usukani humweleza nahodha njia ipi ifuatwe, mkondo unavuta upande gani, mwendo upunguzwe wapi na tagi, yaani boti za kuvuta meli, zifungwe wakati gani. Nahodha hubaki mkuu wa chombo chake na anaweza kumkatalia rubani. Lakini nahodha anayefika hapo mara moja kwa mwaka hawezi kuyajua maji yale kama mtu anayeyapita usiku na mchana, bamvua na maji mafu. Kwa hiyo kwa saa moja au mbili, chombo chenye shehena ya tani laki moja huwa kinafuata neno la mtu aliyepanda dakika chache zilizopita. Maswali yote ya usalama wa bandari huanzia hapo: mtu huyu alifunzwa na nani, alipimwa vipi, na nani aliyeamua kwamba anaitosha meli hii, usiku huu, katika maji haya?

Maswali hayo ni ya kale. Mwaka 1513 mabaharia wa mto Thames walimpelekea Mfalme Henry VIII malalamiko kwamba meli zinaongozwa na watu wasiojua kazi. Mei 1514 mfalme akawapa hati ya kuunda chama chao huko Deptford, ambacho baadaye kilijulikana kama Trinity House. Chama hicho kilikuja kuwa msimamizi wa leseni za marubani wa London na wa bandari nyingine nyingi za Uingereza, na kazi hiyo ikabaki mikononi mwake hadi karne ya 20. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleza: mpime mtu, mpe leseni, kisha mwachie bahari yake. Rubani alijitegemea, akilipwa kwa kila meli aliyoiingiza. Ujuzi ulipita kutoka kwa mzee hadi kwa kijana ndani ya boti, na ulikuwa ujuzi wa kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kuitazama bandari nzima kwa pamoja: rubani, boya, kina, tagi, rada, na meli mbili zinazotaka kupita mlango mmoja kwa saa ileile.

Pwani yetu nayo iliijua thamani ya mtu huyu kabla Mfalme Henry VIII hajatoa hati yake. Aprili 1498 Vasco da Gama alipong'oa nanga Malindi, alikuwa na rubani aliyepewa na mtawala wa mji, na chini ya mwezi mmoja baadaye akaiona pwani ya India. Vitabu vingi vilimtaja rubani huyo kuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar katika Ghuba. Watafiti wa karibuni hawalikubali jambo hilo, na wengi huelekea kusema alikuwa Mgujarati. Jina lake lolote liwalo, kundi zima la meli lilivuka bahari kwa kutegemea kichwa cha mtu mmoja.

Kumtegemea mtu mmoja kuna upande wake mwingine, nao ni kumlaumu mtu mmoja. Hakuna mahali palipoonyesha hilo kwa ukatili kama Halifax, Kanada. Asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1917, katika mlango mwembamba wa bandari hiyo, meli ya Ufaransa iitwayo Mont-Blanc, iliyosheheni baruti na kemikali za vita, iligongana na meli ya Norway iitwayo Imo. Moto ukawaka, na muda mfupi baadaye Mont-Blanc ikalipuka. Watu wapatao 2,000 walikufa na sehemu kubwa ya mji ikabomoka. Rubani wa Imo alikufa. Rubani wa Mont-Blanc, Francis Mackey, aliponea, akakamatwa pamoja na nahodha wake na ofisa wa jeshi la majini aliyesimamia uingiaji wa meli. Magazeti na mitaa ilimtaka Mackey aadhibiwe. Mashtaka yalipofika kwa majaji hayakusimama, lakini alisubiri miaka kadhaa hadi kurudishiwa leseni yake. Kesi ya madai kati ya wenye meli ilipofika ngazi za juu, iliamuliwa kwamba meli zote mbili zilikuwa na makosa sawa. Lakini swali zito kuliko yote lilikuwa la bandari: nani aliruhusu meli ya baruti iingie katikati ya mji bila kuzisimamisha nyingine? Hilo halikupata uzito kama lile la Mackey alipiga honi mara ngapi.

Sheria ya Uingereza kwa upande wake ilikuwa ikibadilika polepole. Zamani, mwenye meli aliyelazimishwa na sheria kuchukua rubani aliweza kukwepa deni la ajali kwa kusema kosa ni la rubani, naye hakumchagua. Sheria ya Urubani ya 1913 iliifuta kinga hiyo, na ufutaji huo ukaanza kutumika 1918. Baada ya hapo mabadiliko makubwa yalikuja na Sheria ya Urubani ya 1987. Kuanzia Oktoba 1988 urubani uliondolewa Trinity House na kwenye mamlaka nyingine za zamani, ukakabidhiwa kwa bandari zenyewe. Bandari ndiyo iliyotakiwa kuamua wapi rubani ni lazima, kutoa vibali, kupanga madaraja na kufundisha. Kwenye karatasi lilikuwa jambo jema, kwa sababu anayejua hatari za bandari ndiye aliyepewa dhamana. Lakini bandari nyingi zilipokea madaraka hayo kama zinavyopokea idara mpya, bila kujiuliza wakuu wake wanaelewa nini kuhusu kazi inayofanyika majini. Ilichukua miaka minane kwa gharama ya kutojiuliza huko kuonekana.

Milford Haven ni ghuba ndefu yenye kina kusini magharibi mwa Wales. Tangu 1960, kampuni ya Esso ilipofungua kiwanda chake cha kusafisha mafuta pale, ghuba hiyo iligeuka kuwa moja ya bandari kuu za mafuta Uingereza. Meli ya Torrey Canyon, iliyogonga miamba ya Seven Stones tarehe 18 Machi 1967 na kumwaga mafuta yake kwenye fukwe za Cornwall na Ufaransa, ilikuwa inaelekea hukohuko Milford Haven, nahodha wake akikata njia ya mkato ili awahi maji kujaa. Uzuri wa bandari hiyo ni kina chake. Ubaya wake ni mlango: miamba iko katikati, njia imegawanyika, na mkondo wa maji hukatiza kwa nguvu mbele ya rasi ya St Ann's. Pande zote ni hifadhi ya taifa ya pwani, na mbele ya mlango kuna visiwa ambako ndege wa baharini huzaliana kwa maelfu.

Usiku wa tarehe 15 Februari 1996 meli ya mafuta Sea Empress ilifika mlangoni hapo. Ilikuwa imeundwa Hispania miaka mitatu tu kabla, ikipeperusha bendera ya Liberia, ikiwa na mabaharia Warusi na zaidi ya tani 130,000 za mafuta ghafi ya Bahari ya Kaskazini. Hali ya hewa haikuwa mbaya. Rubani alikuwa amepanda. Saa 2 na dakika 7 usiku, mkondo ukiisukuma nje ya njia yake, meli ikapanda mwamba na matangi yake yakatoboka.

Mafuta yaliyomwagika kwenye mgongano wa kwanza yalikuwa takriban tani 2,500. Ni mengi, lakini hayakuwa maafa ambayo dunia inayakumbuka. Maafa yalikuja katika siku zilizofuata. Meli ilinasuliwa usiku uleule ikatia nanga jirani na mlango. Kisha tufani ikaingia, tagi zikashindwa kuishikilia, ikapanda miamba tena na tena huku kila maji yanapokupwa mafuta yakichuruzika. Mpaka ilipoingizwa gatini tarehe 21 Februari, tani 72,000 zilikuwa zimeingia baharini. Pwani ya urefu wa karibu kilomita 200 ilipakazwa mafuta. Maelfu ya ndege waliokotwa wakiwa wamekufa au wamelowa, wengi wao bata weusi wa baharini. Uvuvi ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ikaondolewa kidogo kidogo hadi mwaka uliofuata. Wavuvi wa kaa na wa chaza walikaa na boti zao nchi kavu kwa kosa ambalo halikuwa lao hata kidogo.

Hapa historia ingeweza kujirudia kama ya Halifax. Rubani alikuwepo, alikuwa hai, na kosa lake lilionekana. Wachunguzi wa MAIB, taasisi ya Uingereza ya kuchunguza ajali za majini, hawakulificha: katika ripoti yao ya 1997 waliandika kwamba sababu ya moja kwa moja ni rubani kutochukua hatua za kuibakiza meli kwenye kina kikubwa cha njia. Lakini hawakuishia hapo, na kwa maoni yangu aya zinazofuata sentensi hiyo ndizo zilizobadilisha bandari. Mafunzo na uzoefu wa rubani huyo katika kuendesha meli kubwa za mafuta havikutosha. Yeye na nahodha hawakuwa wameketi wakakubaliana mpango wa kuingia. Na aliyempa daraja la kuongoza meli za ukubwa ule ni bandari.

Jaji wa Cardiff alishika njia hiyohiyo. Kwa mtazamo wake, rubani alikosea, lakini bandari ndiyo iliyomweka katika hali ambamo kosa la mtu mmoja lilitosha kuleta maafa. Machi 2000, Mahakama ya Rufaa iliishusha faini kutoka paundi milioni 4 hadi 750,000. Ilizingatia kwamba kosa lenyewe ni la aina isiyohitaji kuthibitishwa nia wala uzembe, kwamba bandari ilikiri, na kwamba chombo kile si kampuni yenye wanahisa wa kubeba hasara. Wapo walioona upungufu huo ni dhihaka kwa wavuvi, na nawaelewa. Lakini hakuna aliyeirudisha lawama kwa rubani peke yake.

Mwezi uleule wa Machi 2000, serikali ya Uingereza ilitoa Kanuni za Usalama wa Majini Bandarini. Zilitokana na mapitio ya Sheria ya Urubani yaliyokamilika 1998. Walioifanya kazi hiyo waliamua kwamba haitoshi kurekebisha urubani peke yake, kwa sababu urubani ni kiungo kimoja tu cha usalama wa bandari. Uamuzi huo ndio kiini cha yote yaliyofuata.

Jambo la kwanza ambalo kanuni hizo zilidai ni jina la anayewajibika. Kila bandari iwe na mwenye dhamana, na mwenye dhamana huyo ni bodi: watu wote wanaoketi mezani, kwa pamoja na kila mmoja kwa nafsi yake. Mjumbe wa bodi hawezi kusema mambo ya majini namwachia mkuu wa bandari, mimi ni mtu wa fedha. Jambo la pili ni mtu huru aliyeteuliwa kuukagua mfumo wa usalama na kuripoti moja kwa moja kwa bodi, bila kupitia kwa meneja ambaye huenda ndiye mwenye tatizo. Aliyewahi kufanya kazi katika ofisi yoyote kubwa anajua taarifa mbaya hupungua makali kiasi gani inapopanda ngazi za vyeo. Kanuni zilijaribu kuziruka ngazi hizo.

Jambo la tatu ndilo zito kiutendaji, nalo ni tathmini ya hatari. Bandari inatakiwa iorodheshe kila kinachoweza kwenda mrama katika maji yake. Meli kupanda mwamba, kugongana, kukatika kwa kamba gatini, boti ya abiria kupita mbele ya meli ya gesi, ukungu, usukani kukwama, tagi kuchelewa. Kila hatari ipimwe kwa uwezekano wake na kwa ukubwa wa madhara yake, kisha ipunguzwe hadi pale ambapo kuipunguza zaidi hakuna maana tena kwa kulinganisha na gharama. Mpango wa rubani hutoka humo. Je, urubani uwe lazima kwa meli ya urefu gani? Meli fulani iingie mchana tu? Ihitaji tagi ngapi, na moja iwe imefungwa nyuma kabla ya kufika kwenye kona? Maswali haya yalikuwa yakijibiwa kwa mazoea. Sasa yalitakiwa yajibiwe kwa maandishi, na sababu zionekane. Matukio ya kuponea chupuchupu nayo yaripotiwe na kuchambuliwa, kwa kuwa ni ajali zinazotoa onyo bila kudai roho ya mtu.

Kila baada ya miaka mitatu bandari hutangaza mpango wake wa usalama hadharani, na mwenye dhamana huandika barua kwa wakala wa serikali wa mambo ya bahari kuthibitisha kwamba bandari yake inafuata kanuni. Kutozifuata kwenyewe si kosa la jinai, kwa kuwa kanuni hizo si sheria. Watu wengi wamelilalamikia jambo hilo, na mimi naliona kuwa udhaifu wa kweli. Hata hivyo, kanuni zinaeleza kwa lugha nyepesi majukumu ambayo tayari yamo ndani ya sheria, na bandari iliyozipuuza itapata shida kubwa kujitetea mbele ya jaji. Kanuni zimepitiwa mara kadhaa tangu hapo, na toleo la 2025 limeingiza hadi kwenye jina lake vituo vingine vya majini ambavyo si bandari kamili.

Sea Empress iliacha alama nyingine pia. Katika wiki ile ya tufani, wengi walikuwa na sauti na hakuna aliyekuwa na neno la mwisho. Jaji mstaafu Lord Donaldson alitakiwa kulichunguza jambo hilo, na kufuatia mapendekezo yake, mwaka 1999 Uingereza iliunda cheo cha mwakilishi wa waziri katika uokoaji wa meli. Huyo ni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamuru meli iliyo hatarini ifanywe nini, na wanasiasa hawamwingilii wakati kazi inaendelea.

New Zealand haikusubiri maafa makubwa. Februari 2002 meli ya magogo Jody F Millennium ilikwama ikitoka bandari ya Gisborne, na Oktoba mwaka huohuo meli ya Tai Ping ikapanda nchi kavu karibu na Bluff. Mwaka 2004 nchi hiyo ilitoa kanuni zake za usalama wa bandari, zikiwa na sura ileile ya zile za Uingereza.

Kwa dunia nzima, Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha Desemba 2003 azimio namba A.960 kuhusu mafunzo, vyeti na utendaji wa marubani wa bandari, likichukua nafasi ya lile la 1981. Azimio hilo linataka rubani afanyiwe uchunguzi wa afya, afunzwe kufanya kazi pamoja na timu ya chumba cha usukani, na ujuzi wake uhuishwe kwa vipindi visivyozidi miaka mitano. Linataka nahodha na rubani wabadilishane taarifa kabla ya kazi kuanza: meli hii inageuka vipi, injini ina kasoro gani, maji yako wapi, tutapita wapi. Tena linampa rubani haki ambayo zamani asingethubutu kuidai, yaani kukataa kuiongoza meli ikiwa ni hatari kwa usafiri au kwa mazingira.

Haki hiyo ina uzito kwa sababu tabia ya kumtafuta mtu mmoja haijafa. Novemba 2007 meli ya makontena Cosco Busan iligonga nguzo ya daraja la Bay Bridge, San Francisco, katika ukungu mzito. Mwaka 2009 rubani wake alihukumiwa kifungo cha miezi 10. Wachunguzi walikuwa wameonyesha kwamba alikuwa akitumia dawa zilizopunguza uwezo wake wa kufikiri, kwamba yeye na nahodha hawakuelewana vya kutosha, na kwamba usimamizi wa afya yake ulikuwa na pengo. Jela ilimpokea yeye.

Na kuna hatari ambayo rubani huikabili kabla hata hajafika kwenye usukani. Ngazi ya kamba inaonekana kitu duni kwenye meli ya mamilioni ya dola, lakini marubani wengi waliokufa kazini walikufa hapo. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, una kanuni nzima kuhusu ngazi hiyo: vidato viwe sawia, kamba zisiwe na mafundo ya kubahatisha, ofisa wa meli asimamie upandaji, na pale ambapo rubani angelazimika kupanda zaidi ya mita 9, ngazi ya kamba iunganishwe na ngazi ya ubavuni. Desemba 2019 rubani mzoefu wa New York alianguka akipanda meli kwa mpangilio wa aina hiyo, akafa. Anayetaka kujua kama bandari inawajali watu wake aanze kuuliza hapo: rubani akikuta ngazi mbovu, je, ana ruhusa ya kugeuza boti arudi, na je, akirudi atalaumiwa kwa kuichelewesha meli?

Kenya na Tanzania ni wanachama wa IMO, kwa hiyo historia hii inazihusu moja kwa moja. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika 1977, Kenya iliunda Mamlaka ya Bandari 1978. Tanzania ilipitisha sheria ya Mamlaka ya Bandari 2004. Nchi zote mbili zilikuja kutenganisha anayeendesha bandari na anayemsimamia: Kenya kwa kuunda Mamlaka ya Bahari, Tanzania kwa sheria ya 2017 iliyoleta TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini. Hatua hiyo ilikuwa sahihi, kwa sababu anayepata mapato kwa kila meli inayoingia asiachiwe peke yake kuamua kama meli hiyo iko salama kuingia.

Maji yetu yenyewe yanadai uangalifu huo. Mlango wa Dar es Salaam ni mwembamba, tena una kona. Agosti 1914 Wajerumani walizamisha chelezo kimoja tu wakitaka kuuziba dhidi ya manowari za Waingereza. Leo mlango huohuo umechimbwa kuongeza kina ili upitishe meli kubwa zaidi, na kila mita inayoongezwa kwenye urefu wa meli inakula nafasi ya rubani kusahihisha kosa. Kilindini, meli inayoingia hupita Ras Serani kisha hukatiza njia ya vivuko vya Likoni, vilivyojaa watu alfajiri hadi usiku. Aprili 1994, katika maji ya bandari hiyohiyo, kivuko cha Mtongwe kilipinduka na kuua watu 272. Hapakuwa na meli kubwa katika ajali ile, lakini ndiyo sababu hasa ya kuitaja: usalama wa bandari unamhusu mama anayevuka kwenda sokoni na mvuvi wa mtumbwi sawa na nahodha wa meli ya makontena, na tathmini ya hatari isiyowahesabu hao si tathmini.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa bodi za bandari kutoka Lamu hadi Mtwara, na wizara zilizowateua, wafanye jambo lisilohitaji mkopo wala mkandarasi. Mpango wa usalama wa majini wa kila bandari utangazwe hadharani, kwa Kiswahili, ukiwa na majina ya wenye dhamana na tarehe ambayo kina cha njia kilipimwa mara ya mwisho. Vyama vya mabaharia, wavuvi na wasafiri wa vivuko wana haki ya kuudai, na waandishi wa habari tuna wajibu wa kuuliza uko wapi kabla meli haijapanda mwamba.